Kiangazi Shangazi Verlene Alipokataa Kushika Mwiko

Ukitaka kuharibu mlo wa Jumapili nyumbani kwetu, huna haja ya kutukana siasa wala timu ya mpira. Uliza tu kama milo ya kulipia kabla ina faida kwa mtu anayepeleka familia kwenye bustani za michezo kule Florida. Kisha sogeza kiti chako mbali na baba mkubwa Hoyt, kwa maana akibisha hurusha punje za mahindi.

Mimi jibu langu ninalo, ila jibu hilo haliwezi kutembea peke yake bila shangazi Verlene, kwa hiyo nianze naye.

Alizaliwa wa nne kati ya watoto sita, na msichana peke yake. Kwetu kusini mwa Georgia, miaka ile, msichana peke yake kati ya wavulana watano alikuwa jiko lenye miguu. Alikuwa bado hafikii meza walipompandisha juu ya kreti la soda ili akoroge uji wa mahindi. Kaka zake walitoka shambani, wakala, wakafuta midomo kwa mikono ya mashati, halafu mashati yakafuliwa. Na nani? Msinichekeshe.

Alipoolewa na Clovis, mtu mpole kiasi kwamba hata mbwa wake humkatiza maneno, watu wakasema sasa Verlene atapumzika. Akaajiriwa jikoni katika shule ya msingi. Akapikia watoto wa mji mzima, kizazi kikatoka kikaja kingine, mpaka leo wanaume wenye ndevu na mikopo ya nyumba wakikutana naye dukani hunyoosha mgongo na kumwambia, bila kuulizwa, kwamba mboga wanakula.

Shule zikifungwa, likizo ikaanza. Likizo ya nani, hapo ndipo penye swali. Baba mkubwa Hoyt, kaka yake wa kwanza, ana nyumba ndogo ya mbao ziwani, na kila kiangazi ukoo mzima ulihamia huko wiki nzima. Wanaume walivua samaki. Watoto waliogelea. Wake zao walijipaka mafuta wakageuzwageuzwa na jua kama mikate. Verlene alikaanga. Alikaanga kambare, akakaanga bamia, akakaanga nyanya mbichi, na mtu akiingia jikoni alikuwa haji kumsaidia, alikuja kuuliza, "Verlene, leo tunakula nini?" Tuna albamu nzima ya likizo za ziwani. Shangazi hayumo katika picha hata moja. Kuna moja yenye kiwiko chake.

Sasa, mwezi wa Mei mwaka juzi alistaafu. Wakampa keki, ambayo naamini aliioka mwenyewe, na kiinua mgongo. Jumapili iliyofuata tukiwa mezani kwake akagonga glasi kwa uma.

"Julai hii hatuendi ziwani," akasema. "Tunakwenda Pellidore, siku nne. Hoteli nimelipa. Na chakula nimelipa."

Pellidore ni ile bustani kubwa ya michezo nje ya Orlando, yenye kasri la buluu na treni zinazopinduka angani. Watoto wakapiga kelele. Baba mkubwa Hoyt aliweka kijiko chini polepole.

"Chakula umelipaje na hatujafika?"

"Kuna mpango wao. Unalipa kabla. Kila mtu anapewa bangili. Kila siku bangili ina mlo mmoja kamili na vitafunio viwili. Unanyoosha mkono, mashine inalia, unapewa sahani. Nimelipia watu kumi na watatu, na wewe wa kumi na nne ukitaka."

"Sitaki. Yaani umelipia chakula ambacho hujakiona?"

"Kaka, mimi nimepikia watu ambao hawajaniona, miaka arobaini."

Lazima mumjue Hoyt. Kanisani ni shemasi, na kwingineko kote ni bahili. Mfuko mmoja wa majani ya chai humhudumia Jumatatu mpaka Alhamisi. Tangu mkewe afariki amebaki hana wa kumwambia basi.

"Mtoto wa Darla anakula makaroni matatu halafu analia," akasema, akimwonyesha Darla, binti wa Verlene, kwa uma. "Huyo naye umemlipia mlo mzima? Mtu anataka kijiko cha maziwa, wewe umemnunulia ng'ombe! Wale watu si wajinga, dada. Wanajua nusu yake hamtaila. Faida yao iko kwenye ile nusu. Mimi nakuja na kasha langu la barafu na sandwichi zangu za nyama ya nguruwe, na nitawatazama."

Na hapo, nisimwonee, Hoyt hakusema uongo. Ni kweli watu wengi hulipa, wakarudi nyumbani na nusu ya milo haijaguswa.

"Tutakula yote," akasema shangazi.

"Basi tuwekeane. Siku ya mwisho milango ikifungwa, kikibaki chakula hata kimoja ulicholipia na hakijaliwa, mwakani tunarudi ziwani na wewe unarudi jikoni. Bila kununa."

"Na kikiisha?"

"Hakitaisha."

"Nimeuliza, Hoyt. Na kikiisha?"

"Kikiisha, hutashika mwiko katika likizo ya ukoo huu mpaka siku ya kukuzika."

"Na siku hiyo pia msije mkanikabidhi sufuria."

Wakapeana mikono juu ya bakuli la viazi. Clovis akasema "Amina," kisha akaona haya.

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na shangazi na niliona alivyomkamata mkono kaka yake, kama mtu anayening'inia. Hakuwa anacheza. Alikuwa na miaka sitini na mitano, na mbele yake kulikuwa na viangazi vichache tu. Alichotaka ni kimoja: akae kwenye kiti, sahani ije.

Tukaenda. Siku ya kwanza jioni, katika ukumbi wa hoteli, sote tulikaa meza moja ndefu, mashine ikalia mara kumi na tatu, na shangazi akaletewa samaki na kijana aliyevaa kizibao. Alimtazama yule samaki kwa muda. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ni wangu?" Kijana akasema ni wako, mama. Akala mpaka mifupa ikaona aibu. Hoyt alikaa nasi, akaongoza sala kwa kuwa ndiye mkubwa, akanywa maji ya barafu ya bure glasi tatu, akaenda zake kwenye maegesho kula sandwichi.

Milo ya jioni, basi, haikuwa na taabu. Taabu ilikuwa vitafunio.

Kwetu, na hii mjue haina mjadala, mtu haweki kitu mdomoni, hata karanga, kabla ya wote kukusanyika, kushikana mikono na kusali. Bibi yetu aliwahi kumnyang'anya mchungaji paja la kuku kwa kosa hilo, na mchungaji akaomba radhi. Nyumbani haisumbui. Unasimama barazani, unapiga ukelele mmoja, wote wamefika. Lakini Pellidore ni kubwa kuliko mji wetu na ina watu kuliko wilaya yetu. Shangazi alikuwa akisimama mbele ya kibanda cha bisi, harufu ya siagi ikimpiga usoni, akihesabu vichwa.

"Tisa," anasema. "Wengine wako wapi?"

"Darla yuko foleni ya farasi wa mbao. Wengine wamekwenda kwenye treni ya angani."

"Tungoje."

Tukangoja. Darla akirudi, wawili wamekwenda chooni. Wa chooni wakirudi, Clovis amepotea, amekaa mahali anatazama bata. Watoto wanalia njaa, wazazi wanapepea ramani, na bangili zote zimejaa chakula kilicholipiwa. Nimezaliwa Marekani, nimekulia Marekani, na sijaona familia nyingine iliyonunua chakula mapema halafu ikakizunguka na kukitazama kama maiti.

"Mama, bisi tu!" Darla akasema siku ya tatu. "Bisi zinahitaji sala ya watu kumi na watatu?"

"Kumi na wanne. Hoyt naye ni mtu."

Siku ya nne, ya mwisho, baada ya chakula cha mchana tulichokula mezani sote isipokuwa Hoyt na maji yake ya barafu, Hoyt akasema twende dirishani tukaulize kimebaki nini. Alikuwa amependeza siku hiyo, amevaa shati la kanisani, anakokota kasha lake la barafu lenye magurudumu kama mtu anayetembeza mbwa. Msichana wa dirishani akapitisha bangili za ukoo mzima moja baada ya nyingine.

"Milo yote mmemaliza," akasema. "Vitafunio mmebakiwa na sitini na vinane. Vinakufa leo tukifunga milango."

Hoyt alicheka mpaka akashika ukuta. "Sitini na vinane! Dada, pitia dukani ununue aproni mpya, ile ya zamani imekwisha."

Shangazi akamwacha pale. Alikwenda akaketi kwenye benchi, mkoba mapajani, akiwa ametazama mbele. Darla akamfuata, nami nikamfuata Darla.

"Mama, sikiliza. Ondoa sala. Leo tu. Kila mtu ale alipo, tujigawe, jioni vimekwisha."

Shangazi akaufungua mkoba, akaufunga. Nilidhani atakubali. Mimi ningekubali tangu Jumanne.

"Sala siondoi."

"Basi unarudi jikoni!"

"Nikishinda kwa kuacha sala, Hoyt atanisuta mpaka nife. Na nikishakufa nitamkuta mama ananingoja mlangoni na mwiko." Akasimama, akajipangusa sketi. "Watafute wote. Waambie saa tisa, hapa."

Saa tisa walikuwepo saba. Darla akaanza kulia, si kwa vitafunio, bali kwa kumtazama mama yake akihesabu.

Ndipo mbingu ikatia mkono. Florida mwezi wa Julai, mchana ukikolea, wingu linakuja jeusi kama limetumwa. Radi ikapiga nyuma ya kasri, watu elfu kadhaa wakaruka kwa pamoja, na vipaza sauti vikatangaza kwamba michezo yote imesimamishwa, kila mtu aingie ndani. Mvua ikamwagwa. Tukakimbia hadi ukumbi wa chakula uliokuwa karibu, ukumbi mkubwa wenye paa la bati, mvua inalipiga paa mpaka unamsoma mtu midomo. Akaingia Darla na mtoto. Wakaingia wa treni ya angani, nywele zimesimama. Akaingia Clovis, ametota, anatabasamu, anasema bata wamefurahi sana. Wa mwisho Hoyt, akilikokota kasha lake. Mfuniko ulikuwa umefunguka njiani. Akainama akatazama ndani: maji mpaka juu, mikate imeyeyuka, na ile nyama ya nguruwe inaelea kama samaki aliyekata tamaa.

Shangazi alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Kumi na wanne," akasema, na uso wake ukafunguka.

"Na sitini na vinane," akasema Hoyt, akikamua soksi. "Mmetoka kula mchana. Haya, kuleni. Kila mmoja vitano. Niwaone."

Alikuwa sawa tena, na hilo ndilo baya la Hoyt. Watu kumi na watatu walioshiba hawawezi kumaliza vitafunio sitini na vinane bila kuita gari la wagonjwa.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Ikaingia bendi.

Bendi ya shule ya sekondari kutoka Nebraska, nzima, vijana zaidi ya hamsini, wamevaa makoti ya sufu mekundu yenye vifungo vya dhahabu, Florida, Julai. Walikuwa wamekuja kupiga gwaride mbele ya kasri. Gwaride limefutwa. Matarumbeta yanamwaga maji kama birika. Mwalimu wao, mwanamume mrefu aliyetota hadi masharubu, alikuwa akiwaambia kwamba chakula chao kiko ndani ya mabasi, mabasi yako upande wa pili wa maegesho, na maadamu radi inapiga hakuna anayetoka.

"Mwalimu, nakufa njaa," mmoja mwenye ngoma akasema. "Nakula kijiti cha ngoma, naapa."

Shangazi Verlene aligeuza kichwa. Sauti ile ameisikia kila siku ya shule miaka arobaini. Nilimwona akiitambua.

"Nyie," akawaita. "Hamjala tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mama," mwalimu akajibu. "Tulisema watakula baada ya gwaride."

Shangazi akamgeukia msichana wa kaunta. "Binti, nikichukua chakula kwa bangili yangu nikampa mtu mwingine, kuna ubaya?"

"Ukishachukua ni chako, mama. Umpe nani, shauri yako."

"We, we, we!" Hoyt akaruka, soksi mkononi. "Hawa si wetu! Ulisema 'tutakula yote', yaani wewe na ukoo wako. Hawa watu wa Nebraska!"

Hapo shangazi akamgeukia. Akamtazama kaka yake, na akanyanyua sauti, kwa sababu ya mvua, na labda si kwa sababu ya mvua tu.

"Kaka Hoyt. Wewe ni shemasi. Ile Jumapili yetu ya kula uwanjani kwa kanisa, tumeshikana mikono, sala inaanza, mgeni anapita barabarani. Unamfanyaje?"

Hoyt akaikamua tena soksi. Sote tulijua anamfanyaje. Mwaka mmoja alilisimamisha lori la magogo katikati ya barabara, akamshusha dereva kwa nguvu, akamkalisha mbele ya kuku.

"Nakuuliza mbele ya watu. Unamfanyaje?"

"Anakula," Hoyt akasema, kama anayeng'olewa jino.

"Anakula kama nani?"

Hamsini na zaidi wa Nebraska walikuwa wakimtazama, na maji yakiwatiririka kwenye manyoya ya kofia.

"Kama mtu wa nyumbani."

"Basi shikaneni mikono," shangazi akaamuru. "Hata nyie. Weka tarumbeta chini, mwanangu, haliibiwi. Hoyt, wewe ndiye mkubwa. Sali."

Hamjaona kitu kama kile. Duara likazunguka ukumbi mzima, mikono ya ukoo wetu na mikono ya makoti mekundu, na watu wengine waliokimbia mvua nao wakajiunga bila kujua ni nini, maana watu wakiona mikono wanashika. Sala za Hoyt huwa ndefu. Viazi hupoa, watoto hukua. Siku hiyo alisema, "Bwana, wabariki hawa wote, na hawa waliokuja na ngoma, na chakula kilicholipiwa. Amina." Njaa ni mwalimu mzuri wa ufupi.

Amina haijatua, shangazi amekwisha inuka. Mikono yake ilikuwa tayari inajipangusa mbele, kwenye aproni ambayo haikuwepo. Amepiga hatua mbili kuelekea kaunta.

"Verlene."

Alikuwa Clovis. Hajapaza sauti. Clovis hajawahi kumwamrisha mtu, wala bata.

"Keti."

Shangazi akasimama pale katikati, kati ya kaunta na kiti. Watoto wana njaa mbele yake, chakula nyuma ya kioo, na miguu yake imefundishwa njia moja tu maishani. Ilimchukua muda. Mimi niliona kwamba hilo ndilo lilikuwa shindano lenyewe, na Hoyt hakuwa ndani yake kabisa. Kisha akarudi, akaketi, akaiweka mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

"Nani atabeba?" akauliza.

Darla akachukua sinia, akalisukuma kifuani kwa baba mkubwa Hoyt.

"Mimi?" akasema Hoyt.

"Una mikono," akasema shangazi. Na akageukia ukumbi, ile sauti ya jikoni la shule ikatoka, sauti inayoweza kunyoosha foleni iliyopinda mbali. "Wadogo mbele! Wewe wa ngoma, vua koti hilo utapikika humo ndani! Nani hali nyama? Inua mkono, usione haya! Hoyt, soseji sita, vikeki vinne, aiskrimu mbili, na usivimwage!"

Mashine ikaanza kulia. Ikalia, ikalia, haikunyamaza. Soseji za kijiti zikatoka, zimevikwa unga wa mahindi, moto. Vikeki vya kukaanga vikatoka na sukari inafuka kama vumbi. Hoyt akaenda na kurudi, shati la kanisani limejaa sukari, akipigiwa kelele kila upande.

"Mzee, huku bado!"

"Babu, mimi niliomba bisi!"

"Mimi si babu yako," Hoyt akanguruma, na akampelekea bisi.

Nasi tukala, na mtoto wa Darla, yule wa makaroni matatu, akala kikeki kizima, akaomba cha pili. Nikamtazama shangazi. Amekaa wima kwenye kiti, mikono bado chini ya mapaja, anatazama watu wanakula chakula ambacho hakukipika, na mdomo wake ukawa unatetemeka kwa namna ya mtu anayesikia utani mzuri kanisani. Darla akaitoa simu. Akampiga picha. Yote: uso, mabega, mikono iliyokaliwa.

Mvua ilipopungua mwalimu akaja kushukuru, na akasema hawana cha kulipa ila walichokuja nacho. Akainua kidole. Vijana wakafuta midomo, wakamwaga maji ya mwisho kwenye matarumbeta, wakapiga. Ndani ya ukumbi, chini ya bati! Gwaride zima ambalo kasri halikulipata lilipigwa mbele ya mwanamke mmoja wa Georgia kwenye kiti cha plastiki. Ngoma zikatikisa vioo vya kaunta. Mikono ya shangazi ikatoka ilikofichwa ikaanza kupiga makofi, na wapishi wa nyuma ya kaunta wakatoka na kofia zao kuja kuona anayepigiwa ni nani.

Sasa kama kweli mwaniuliza: mlo wa kulipia kabla, ukiupima kwa tumbo, mara nyingi hasara. Hoyt yuko sahihi. Kama wanao wanadonoa kama ndege, kaa na pesa yako ununue bisi. Lakini kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye kila siku ya maisha yake ameulizwa "leo tunakula nini?", basi lipa, hata ukope. Hapo umenunua siku nne ambazo swali hilo halina wa kuulizwa.

Bendi iliondoka ikipiga. Jua likatoka. Msichana wa kaunta akaja na bangili ya mwisho.

"Kimebaki kimoja," akasema.

Tukatazamana. Hakuna aliyeweza. Clovis alikuwa amefungua mkanda. Darla akasema akila hata punje atatapika kwenye kasri. Shangazi mwenyewe alikuwa amemeza vikeki vitatu na alishika kifua. Msichana akaleta soseji moja ya kijiti kwenye sahani ya karatasi, akaiweka katikati ya meza.

Mtu mmoja tu pale alikuwa hajala. Alikuwa amekaa ukingoni, shati limelowa na limepakwa sukari, na kasha la barafu lilikuwa miguuni pake limejaa supu ya nguruwe. Na alichotakiwa kufanya ili ashinde kilikuwa rahisi mno: asifanye kitu.

"Mimi nimeshiba," akasema Hoyt.

Tumbo lake likalia. Tulilisikia wote. Meza ya jirani ililisikia.

Darla akafungua mdomo, shangazi akamzuia kwa jicho. Siku nyingine yoyote angeichukua ile soseji, akaipuliza, akamwekea mkononi kaka yake na kumbembeleza kama mtoto wa chekechea. Hakuigusa. Hakusema kula, hakusema acha. Alimtazama tu, bila hasira, kama anavyotazamwa mtu mzima.

Hoyt akatazama soseji. Akatazama dari. Akamtazama dada yake, na nadhani kwa mara ya kwanza alimwona akiwa amekaa. Aliizungusha ile sahani kiasi cha kusoma zaburi, ya kati, si ile ndefu. Kisha akakishika kijiti, akauma. Akatafuna akiwa amefumba macho. Akauma tena, kubwa zaidi, na hakuna aliyethubutu kupumua mpaka kijiti kilipobaki na kipande cha mwisho.

"Si mbaya," akasema. "Inataka haradali."

Na akangoja, mkono umenyooshwa nusu, kama alivyongoja miaka sitini.

Shangazi Verlene akaegemea kiti chake, akavua viatu, akanyoosha miguu juu ya kasha la barafu.

"Haradali iko kule, kaka," akasema. "Na kwa kuwa unapita huko, niletee juisi ya limau."

Hoyt akainuka akaenda.